Kwenda Cambridge kwa Kiti cha Magurudumu

 

Wako wazee wetu, hasa wale waliomaliza sekondari katika miaka ya hamsini na sitini, ambao hadi leo wamehifadhi ndani ya bahasha, au katikati ya kurasa za Msahafu au Biblia, cheti chenye jina la mji ambao hawajapata kuuona. Mji huo ni Cambridge. Bodi ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilianzishwa mwaka 1858, na kwa miaka mingi ndiyo iliyowatungia mitihani vijana wa Afrika Mashariki. Karatasi za majibu zilisafirishwa hadi Uingereza kusahihishwa, na vijana wakabaki nyumbani wakisubiri matokeo kwa wasiwasi. Tanzania ilipata Baraza lake la Mitihani mwaka 1973. Kabla ya hapo, mtu akisema fulani amepata Cambridge, kijiji kizima kilielewa kwamba huyo amesoma.

Mjomba wangu ni mmoja wa wazee hao. Alipokuja Uingereza kututembelea sisi watoto wake, alikuwa tayari anatumia kiti cha magurudumu, kwa sababu ya kiharusi kilichomlemaza upande wa kushoto. Tulimwuliza angependa kuona nini. Hakutaja jumba la mfalme wala uwanja wa mpira. Alisema, "Nipelekeni Cambridge. Nataka niuone huo mji kwa macho yangu."

Jamaa kadhaa walianza kuguna. Mji ule ni wa kale mno, walisema, una mawe na ngazi kila mahali, mzee atateseka bure, bora tumwonyeshe picha. Msikilizaji, ni maneno hayo ya "atateseka bure" yaliyonileta mbele ya kipaza sauti leo. Nimeyasikia mara nyingi yakisemwa juu ya watu wenye ulemavu, na husemwa na watu wanaowapenda. Lakini matokeo yake ni yale yale: mtu anabaki nyumbani. Nataka nikueleze safari hiyo ya siku moja inavyowezekana, mahali inapokwama, na kwa nini umri wa majengo si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani.

Tuanze na ardhi yenyewe. Cambridge iko kilomita 80 hivi kaskazini mwa London, na ni mji wa tambarare. Hakuna vilima vya kumchosha anayesukuma kiti, ndiyo maana pia mji mzima umejaa baiskeli. Wanazuoni wa kwanza walifika hapo mwaka 1209, wakikimbia ugomvi uliozuka Oxford kati yao na wenyeji. Leo Chuo Kikuu kina vyuo 31 ndani yake, na vingi vina ua wake, kanisa lake, maktaba yake na bawabu wake langoni. Vingi vya vile vya zamani vimejipanga katikati ya mji, karibu karibu, kiasi kwamba mtu anaweza kuviona vitano au sita bila kupanda gari. Kwa mgeni aliyeketi kwenye kiti, huo ni mwanzo mwema.

Treni ya haraka kutoka stesheni ya King's Cross, London, inachukua muda usiofika saa moja. Na King's Cross yenyewe ina lifti zinazoshuka hadi kwenye treni za chini ya ardhi, jambo ambalo stesheni nyingi za London bado hazina. Kwa hiyo ukipanga, panga kupitia hapo.

Sasa kupanda treni. Kati ya jukwaa na mlango wa behewa huwa kuna pengo na kimo, na kiti hakiwezi kuruka. Ndipo inapokuja huduma iitwayo Passenger Assist. Unapiga simu au unatumia programu ya simu, unaeleza treni unayoitaka, na mfanyakazi wa stesheni anakuja na ubao wa kukunjua, anauweka mlangoni, kiti kinapita juu yake. Hailipiwi. Tangu Aprili 2022 unatakiwa kuomba saa 2 tu kabla ya safari, wakati zamani ulitakiwa kuomba mapema zaidi. Na hata kama hukuomba, unaruhusiwa kufika stesheni na kuomba msaada papo hapo. Jambo moja la kuangalia nyumbani kabla hujatoka ni vipimo vya kiti. Nafasi za kwenye treni na mabasi zimepimwa kwa kiti chenye upana wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 120. Kiti kikubwa kuliko hapo kinaweza kukataliwa mlangoni, na ni uchungu kulijua hilo ukiwa na tiketi mkononi.

Kwenda, mambo yalikwenda vizuri. Kurudi, jioni, mfanyakazi aliyeahidiwa kutupokea hakutokea. Treni imesimama, milango imefunguka, mjomba yuko ndani anaangalia jukwaa, na ubao haupo. Abiria mmoja kijana akasimama katikati ya mlango ili usifungwe, mwingine akakimbia kumwita mfanyakazi. Ubao ukaja, mjomba akashuka, watu wakaendelea na njia zao. Hakuna aliyeumia. Lakini fikiria moyo wa mtu mzima, mwalimu mstaafu, anapojiona mzigo mbele ya behewa zima kwa sababu ya ubao wa mita moja ambao mtu amesahau kuuleta. Mtu huyo aliomba mapema, akathibitishiwa, akafuata kila alichoambiwa. Huduma ya aina hii ikiwa nzuri upande mmoja na mbovu upande wa pili, haijawa huduma.

Mabasi nayo yana habari yake. Sheria ya Uingereza inataka kila basi la kawaida la mjini liwe na sakafu ya chini, ubao mlangoni, na nafasi ya kiti cha magurudumu. Nafasi yenyewe kwa kawaida ni moja. Mwaka 2012 Mwingereza aitwaye Doug Paulley, anayetumia kiti, alitaka kupanda basi kutoka Wetherby kwenda Leeds. Alikuta mama mmoja ameweka kigari cha mtoto kwenye nafasi ile, na mama huyo akakataa kusogea. Paulley akaachwa kituoni. Alikwenda mahakamani, kesi ikapanda ngazi zote, na Januari 2017 Mahakama ya Juu ikasema kwamba haitoshi dereva kuomba mara moja kisha akanyamaza: lazima afanye zaidi ya hapo kumshawishi aliyekalia nafasi aiache. Kila mzee anayepandishwa basi leo kutoka stesheni ya Cambridge kwenda katikati ya mji ananufaika na ubishi wa mtu huyo mmoja. Kutoka stesheni hadi mitaa ya vyuo ni kama kilomita 2. Siku ya jua unaweza kusukuma. Siku ya mvua panda basi.

Ukifika mtaa wa Trumpington, usiwe na haraka ya kuingia mahali. Pale kwenye kona ya Bene't Street, ukutani kwa chuo cha Corpus Christi, kuna saa ya ajabu kuliko zote nilizowahi kuona. Ni duara kubwa la chuma lililopakwa dhahabu, lenye upana unaokaribia mita moja na nusu. Haina mishale. Muda unaonyeshwa na mianga ya bluu inayozunguka kwenye miduara mitatu, na juu yake ameketi mdudu mkubwa wa chuma, mithili ya panzi, anayefungua na kufunga mdomo kama anayekula kila sekunde inayopita. Aliyeibuni, John Taylor, aliitengeneza makusudi isiende sawa: wakati mwingine inachelewa, wakati mwingine inakimbia, na hupatana na saa ya kweli kila baada ya dakika 5. Hailipiwi na haina ngazi. Iko kwenye njia ya waenda kwa miguu, nyuma ya kioo, na mtoto, mtu mzima aliyesimama na mzee aliyeketi wote wanaitazama bila shida. Mjomba alikaa pale muda mrefu, akimtazama yule mdudu, midomo yake ikichezacheza.

Aliyeizindua saa hiyo, Septemba 2008, alikuwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa Stephen Hawking, na siwezi kuuzungumzia mji huu bila yeye.

Hawking alifika Cambridge mwaka 1962, kijana wa miaka 20, kusomea shahada ya uzamivu. Mwaka uliofuata madaktari wakamwambia ana ugonjwa wa neva unaolemaza misuli, na kwamba hana miaka mingi ya kuishi. Aliishi hadi Machi 2018, akiwa na umri wa miaka 76. Kuanzia 1979 hadi 2009 alishika kiti cha uprofesa wa hisabati ambacho kabla yake kiliwahi kushikwa na Isaac Newton. Dunia inamkumbuka kwa mashimo meusi ya angani na kwa kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu historia ya wakati. Wenyeji wa Cambridge wanamkumbuka pia kama jirani aliyekuwa akipita mitaani kwa kiti cha umeme, tena kwa mwendo wa kasi uliowafanya watu wapishe.

Mwanzoni alikikataa kiti hicho kwa nguvu zake zote. Alikubali mwishoni mwa miaka ya sitini, baada ya kubembelezwa sana. Alipokubali, likaja swali la pili: aende nacho wapi? Mji ulijengwa kwa ajili ya watu wanaotembea. Chuo chake kikampa nyumba ya ghorofa ya chini katika mtaa wa West Road, na kutoka hapo alikuwa akijiendesha mwenyewe hadi ofisini kwake Silver Street. Yeye na mkewe Jane wakaanza kudai: majengo yafikike, na yawepo makazi ya wanafunzi yanayofaa watu wenye ulemavu. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Sheria ya kwanza ya Uingereza iliyokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 1995. Ina maana walianza kudai miaka ishirini hivi kabla ya sheria hiyo. Hawking mwenyewe hakupenda sana kuitwa shujaa wa walemavu. Alitaka aitwe mwanasayansi. Lakini mwanasayansi huyo alihitaji kuingia mlangoni, na akapigania kuingia.

Leo sheria inayotumika ni ya mwaka 2010, na ina kipengele ambacho natamani kila mwenye duka, hoteli au makumbusho akijue. Mtoa huduma hatakiwi kungoja hadi mtu mwenye ulemavu afike mlangoni ndipo aanze kutafuta mbao. Anatakiwa afikirie mapema kwamba mtu huyo atakuja, na ajiandae kabla hajaja.

Sasa twende milangoni. Vyuo vya zamani vina malango makubwa ya mbao, mazito, yaliyojengwa wakati watu walipokuwa wakiingia na farasi. Lango lenyewe mara nyingi limefungwa. Ndani yake kumekatwa kilango kidogo cha watu kupita, na kilango hicho kina kizingiti cha kuinulia mguu. Kwa anayetembea ni jambo dogo, anainua mguu na kupita bila hata kuangalia chini. Kwa mjomba, kizingiti kile kilikuwa ukuta.

Tulikuwa tumeshaandika barua pepe siku chache kabla. Bawabu wa chuo kimoja, mzee mwenye suti nyeusi na tai, akatoka chumbani kwake akamsalimia mjomba moja kwa moja, si mimi niliyekuwa nimeshika mikono ya kiti. Akasema, "Ngojeni hapo hapo, bwana." Akachomoa komeo la chini, akachomoa la juu, akavuta ubawa mmoja wa lango kwa mikono yote miwili hadi ukafunguka wote. Tukapita katikati, juu ya mawe yaliyolala sawasawa na barabara. Watalii waliokuwa wakipita kwa foleni kwenye kilango wakasimama kutazama. Mjomba akanyoosha kola ya koti lake. Baadaye akaniambia, "Mpwa wangu, yule bwana amenifungulia lango kama ninavyofungua mimi mgeni wangu akija."

Nakuomba ulishike jambo la bawabu kumsalimia mjomba, msikilizaji. Katika mkahawa tulioingia mchana, mhudumu aliniuliza mimi, "Yeye atakunywa nini?" Mjomba yuko pale pale, anasikia Kiingereza kuliko mimi, alikifundisha miaka na miaka. Upande wa kushoto ndio uliopooza. Akili na ulimi viko salama. Anayesukuma kiti si msemaji wa aliyeketi, na ukimwona mtu kwenye kiti, msemeshe yeye.

Ndani ya nyua zile, uwe macho na mawe. Katikati huwa kuna majani yaliyokatwa vizuri ambayo mgeni haruhusiwi kuyakanyaga, na kuyazunguka kuna kokoto au mawe madogo ya mviringo yaliyopandwa ardhini. Gurudumu dogo la mbele linazama katikati ya mawe hayo na kiti kinatikisika hadi meno yanagongana. Mara nyingi hupita mstari wa mabamba bapa katikati ya mawe, upana wa mtu mmoja. Fuata mstari huo. Penye shida zaidi, geuza kiti, ukivute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Uwanja wa soko katikati ya mji nao una mawe ya aina hiyo, na pale sikuona njia ya kuyakwepa.

Kanisa la chuo cha King's ndilo wageni wote wanaloliendea, na wana haki. Mfalme Henry wa Sita alianza kulijenga mwaka 1446, vita vya kugombea kiti cha ufalme vikaukatiza ujenzi, na kuta na paa vikaja kukamilika mwaka 1515. Lina urefu wa mita 88. Paa lake la mawe, kazi ya fundi aitwaye John Wastell, limechongwa kwa umbo la mapepeo yaliyofunguliwa, yakipokezana kutoka mwanzo hadi mwisho wa kanisa, mita 24 juu ya vichwa vya watu. Hakuna paa jingine la namna hiyo kubwa kuliko hilo duniani. Ni jiwe tupu, lakini ukilitazama unaona wepesi wa nguo iliyotundikwa.

Hapa ndipo nilipowakumbuka wale waliosema mzee atateseka bure. Uzuri wa kanisa lile uko juu. Mwenye miguu miwili na mwenye magurudumu wote wanainua shingo, na hakuna anayeona zaidi ya mwenzake. Tena nadhani mjomba aliona kuliko sisi, kwa sababu yeye alikuwa ameketi na hakuwa na haraka, wakati sisi tulikuwa tunazungukazunguka tukipiga picha. Muhula wa masomo ukiwa umeanza, siku nyingi kuna ibada ya jioni yenye kwaya, na kuingia ni bure. Hata kama si dini yako, sauti za wale watoto wa kwaya zinapanda hadi kwenye mapepeo yale ya mawe na kurudi.

Mbele kidogo ya hapo kuna kanisa la Great St Mary's, lenye mnara ambao kila kitabu cha watalii kinausifu kwa mandhari yake. Una ngazi 123 za kuzunguka na hauna lifti. Huko mjomba hakupanda, na hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Hata hivyo, chini ya mnara huo huo, tarehe 31 Machi 2018, ndiko alikofanyiwa mazishi Hawking, na kengele yake ikagongwa mara 76. Tulimsimulia mjomba habari hiyo hapo nje, akavua kofia.

Jumba la makumbusho la Fitzwilliam, lililoanzishwa mwaka 1816, lina ngazi pana za mawe mbele na nguzo kama hekalu la Wayunani. Usiziogope. Kuna mlango mwingine wa upande, ulio sawa na ardhi, na ndani kuna lifti. Watu hubishana kuhusu milango ya pembeni: wengine wanasema ni dharau kumpitisha mtu upande. Mimi naona inategemea mlango. Ukinipitisha jikoni penye mapipa ya taka, umenidharau. Lakini mlango ule wa Fitzwilliam unatumiwa na watu wote, unakuingiza kwenye ukumbi wenye mwanga, mkahawa na duka. Ndani, bila kiingilio, kuna kifuniko cha jeneza la jiwe la Farao Ramesses wa Tatu, kizito, kimewekwa mahali ambapo mtu aliyeketi anakitazama uso kwa uso.

Kwa wasikilizaji wetu wa Kenya, jirani kabisa na jumba hilo ni Peterhouse, chuo cha zamani kuliko vyote mjini, cha mwaka 1284. Humo ndimo alimokuwa mwalimu wa hisabati Carey Francis, kabla hajaacha yote mwaka 1928 na kwenda Kenya, katika shule ya Maseno, kisha Alliance, ambako aliwafundisha vijana wengi walioshika uongozi wa nchi.

Mto Cam unapita nyuma ya vyuo, na humo zinapita mashua bapa zinazosukumwa kwa pondo, kama zile za maji madogo ya kwetu pwani. Kuingia ndani ya mashua hizo si rahisi kwa mtu asiyeweza kusimama, kwa kuwa mashua iko chini ya gati na inayumba. Ukitaka, waulize wenye mashua siku kabla, waeleze hali halisi: je, mtu anaweza kusimama kwa kushikwa, anaweza kuhama kutoka kiti kimoja kwenda kingine, ana uzito gani. Sisi tuliamua kubaki juu. Tulikwenda kwenye daraja la Garret Hostel, la mwaka 1960, ambalo ni njia ya umma, halina ngazi wala kiingilio. Mgongo wake ni mkali, anayesukuma atatoka jasho, na wakati wa kushuka shikilia kiti barabara na uwe macho na baiskeli. Lakini ukiwa juu pale unaona mto, mashua, mierebi inayoinamia maji na migongo ya vyuo pande zote mbili.

Juu zaidi ya mto, katika chuo cha Queens', kuna daraja la mbao wanaloliita la Kihisabati, lililojengwa mwaka 1749. Waongoza watalii husimulia kwamba Newton ndiye aliyelijenga bila msumari hata mmoja. Newton alikuwa amefariki miaka 22 kabla. Mimi linanivutia kwa sababu nyingine. Sakafu yake ya kwanza ilikuwa ya ngazi. Baadaye, katika matengenezo, ngazi zikaondolewa na sakafu ikafanywa mteremko. Umbo la daraja halikuharibika, wapiga picha hawajapungua. Mtu akikwambia kitu cha kale hakiguswi, mtajie daraja hilo.

Msikilizaji, kuna jambo ambalo waandishi wa habari za safari hawalitaji, nalo ndilo linaloamua kama safari itakuwepo au haitakuwepo. Choo. Watu wengi wanaotumia kiti hunywa maji kidogo mno siku ya safari, kwa hofu ya kukosa choo, na wengine wanaugua kwa sababu hiyo. Choo cha kawaida hakifai: mlango ni mwembamba, hakuna chuma cha kushikilia, kiti hakigeuki. Uingereza ina vyoo vya walemavu zaidi ya 9,000 vinavyofunguliwa kwa ufunguo wa aina moja nchi nzima, utaratibu ulioanza mwaka 1981, na ufunguo huo mtu anaununua kwa bei ndogo. Vipo pia vyoo vikubwa zaidi, vinavyoitwa Changing Places, vyenye kitanda cha mtu mzima na mashine ya kumnyanyua, kwa wale wasioweza kuhama kabisa kutoka kwenye kiti. Kabla ya kuchagua mkahawa, kabla ya kuchagua chuo, tafuta choo kiko wapi, kisha panga njia yako kuanzia hapo. Hivyo ndivyo tulivyofanya, na mzee alikunywa chai yake bila wasiwasi.

Mambo mengine ni mafupi. Kati ya Aprili na Juni vyuo kadhaa hufunga milango kwa wageni kwa ajili ya mitihani. Desemba giza linaingia saa kumi jioni. Vaa nguo za kutosha, maana anayesukuma huona joto wakati aliyeketi anaganda kwa baridi. Na anayeweza kutembea kidogo lakini anachoka, anaweza kuazima kiti au kigari cha umeme kwenye huduma ya Shopmobility katikati ya mji.

Ukiangalia yote niliyosema, utaona kwamba karibu kila kilichofanikiwa siku ile kilifanikiwa kwa sababu mtu alituambia mapema: lango lina kizingiti, andika barua, mlango wa pili uko upande, mnara hauna lifti, choo kiko mahali fulani. Na kilichoshindikana, ule ubao wa treni, kilishindikana mahali ambapo ahadi haikutimizwa.

Kwetu pia sheria zipo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, mwaka ule ule wa sheria ya Waingereza niliyoitaja. Kenya ilitangulia, mwaka 2003. Nasi tuna miji ya kale yenye hadhi ya urithi wa dunia: Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001. Tuna milango ya nakshi yenye vizingiti virefu, na mabaraza, na ngazi za mawe ya matumbawe. Sisemi tuibomoe milango yetu. Kizingiti cha sentimita 10 kinahitaji mteremko wa mita moja na sentimita 20, na seremala yeyote wa Darajani, kule Zanzibar, anaweza kuutengeneza wa mbao, wa kuweka na kuondoa.

Kwa hiyo ninawaomba wenye makumbusho, hoteli, nyumba za wageni na waongoza watalii, kutoka Lamu hadi Kilwa: chukueni futi ya fundi, pimeni upana wa mlango wenu, kimo cha kizingiti, idadi ya ngazi, na mlango wa choo. Kisha mviandike vipimo hivyo mahali ambapo mgeni atavisoma kabla hajatoka nyumbani kwake, hata kama ni vibaya. Nanyi wenye wazazi, wajomba na shangazi wanaotumia viti, waulizeni wanataka kwenda wapi, mkae nao mpange njia.